Kitambaa cha Maua ya Njano

Kawangware 56,
Jumapili, 12 Januari 2025

Dada yangu Phanice,

Sisi huku tuko wazima, na nikisema sisi ni mimi, Boaz, na huyu bwana mdogo ambaye bado hujamwona. Boaz amepata kazi ya kuchomelea mageti. Anarudi nyumbani macho mekundu kama mtu aliyelia, lakini unga analeta. Mama alipiga simu juzi kutoka Shinyalu. Anasema goti limepoa na yule kuku wa kijivu ametotoa. Akaniuliza, "Phanice amefika kwako?" Nikamwambia bado. Akarudi kwa kuku.

Nakuandikia kwa sababu njia zingine zimenishinda. Simu ni ya bwanako, na kila nikipiga, Shivachi yuko getini kwenye ulinzi wake, ananiambia, "Dada yako yuko sawa." Nimechoka kuambiwa na soja kwamba uko sawa. Ndipo nikakumbuka baba alivyotulazimisha kuandika barua kila Jumapili alipokuwa akifanya kazi Webuye, nawe ukiniandikia yangu kwa sababu mimi nilikuwa sijui. Trizah, yule anayeuza mboga za sukuma huko kwenu Silanga, huja sokoni huku kila Jumamosi. Amekubali kuwa posta yetu.

Timothy ana miezi saba. Jina ni la baba lakini tabia ni zako: akinyimwa kitu halii, anakutazama tu mpaka uone aibu. Anatambaa kama mtu aliyechelewa kazini. Kutoka Kianda mpaka hapa ni saa moja na nusu kwa miguu, Mama Daisy. Miezi saba sasa.

Trizah ananiambia meza yako iko uchi. Alisema hivyo hivyo: "Mama Daisy hana hata kitambaa kimoja, kochi liko tupu kama la ofisi." Nilishangaa. Kile cha maua ya njano nilichokushonea kabla sijaenda Saudia kilienda wapi? Kilikuwa na vishada virefu, nilikaa nacho mwezi mzima. Basi nimekutumia kingine. Siku hizi ndiyo kazi yangu. Nina stuli yangu nje ya saluni pale stejini kwa matatu, nashona kwa kroshia huku watu wakipita, na kila anayeolewa mtaa huu ananunua kwangu. Kiweke mezani, halafu unialike chai.

Mdogo wako,
Lenah


Kianda,
Jumapili, 2 Februari 2025

Mpendwa Lenah,

Salamu zako zilinifika, pamoja na vifungu viwili vya sukuma ambavyo Trizah alikataa kulipwa. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa chini ya mto wiki mbili, na si kwamba sikutaka kujibu. Shivachi ni mzima, ila kazi ya kukesha imemfanya msahaulifu; juzi alienda kanisani na kofia ya ulinzi, mchungaji akamwuliza kama amekuja kutulinda. Mwenye nyumba amebadilisha mabati, sasa hata mvua ikinyesha tunasikiana. Mimi bado nawafulia watu nguo kule Ayany. Mikono yangu unaijua.

Asante kwa kitambaa. Ni kazi safi. Nimekikunja nikakiweka kwenye sanduku.

Wewe hukutambaa kabisa ulipokuwa mdogo. Ulikuwa unasota kwa makalio, mpaka nguo zako zote zikatoboka nyuma, mama akawa anazitia viraka vya gunia la sukari. Halafu siku moja ukasimama tu, umeshika mkia wa ndama. Nilikuwa na miaka saba na ni mimi niliyekuona. Kwa hiyo nauliza: Timothy ameanza kujivuta juu? Anashika nini? Miezi saba, minane, ndio wakati wenyewe. Unaweza kumwangalia kila siku, ukageuka kidogo tu, na amesimama.

Lenah, vitambaa vinashika vumbi. Kwa mtoto mdogo si vizuri, vinaleta kifua. Ungeviondoa kwa sasa, hasa cha meza. Akifika miaka miwili utarudisha.

Nitakuja. Labda baada ya Pasaka. Na nakuomba uniite Phanice tu.

Dada yako,
Phanice


Kawangware 56,
Jumapili, 16 Februari 2025

Dada Phanice,

Huku ni salama. Boaz anakusalimu, ingawa nilipomsomea barua yako aliuliza, "Huyo dada yako siku hizi ni daktari wa vumbi?" Nilicheka mbele yake. Alipotoka sikucheka.

Umeniumiza. Vitambaa ndivyo vinavyonilisha. Saudia nilikaa jikoni mwa watu miaka miwili, nikarudi na mabegi mawili na mgongo mbovu, na kitu pekee nilichokuwa nacho changu mwenyewe ni hii kroshia. Sasa mtu wangu wa damu ananiambia kazi yangu inaleta kifua. Akija mteja na mtoto mgongoni nimwambieje? Mama, usinunue, dada yangu amekataza?

Najua Daisy alikufa kwa nimonia. Najua ndiyo maana unaogopa kifua. Mimi nilikuwa mbali, niliambiwa kwa simu ya dakika tatu, yule mama mwenye nyumba amesimama nyuma yangu, halafu nikarudi kuosha vyombo. Sikuona jeneza. Sikumbeba hata siku moja akiwa na meno. Kwa hiyo usifikiri mtoto wako alikuwa wako peke yako. Lakini pia usimchukie wangu kwa sababu yeye yuko hai. Limetoka, nimelisema.

Meza yangu nimeivalisha upya: kitambaa cheupe, na vishada vinavyokaribia kugusa sakafu. Timothy anavipenda, anavivuta kama mtu anayekamua ng'ombe. Shivachi angekuwa na simu ya maana ningekutumia picha.

Lenah


Kianda,
Jumapili, 23 Februari 2025

Lenah,

Tuko wazima.

Simchukii. Sentensi hiyo nimeiandika na kuikata mara nyingi, sasa naiacha hapo. Simchukii Timothy. Na kazi yako ni nzuri, haina ubaya wowote.

Ondoa kitambaa mezani. Si kwa sababu ya vumbi. Usiniulize, nifanyie tu, kama mimi nilivyokufanyia ulipokuwa mdogo ukikataa kupita njia ya mtoni bila kuniambia kwa nini, nami nikakuzungusha njia ndefu kila asubuhi tukienda shule. Kiondoe leo hii. Ukishakiondoa, niandikie neno moja: nimeondoa.

Phanice


Kawangware 56,
Jumapili, 9 Machi 2025

Dada,

Umekaa kimya na najua umekasirika, maana barua yangu ya mwisho ilikuwa na ulimi mrefu. Trizah naye haonekani sokoni, hii ni wiki ya pili. Wanasema amefiwa na shemeji, amesafiri Busia. Kwa bahati Boaz ana geti la kufunga kesho asubuhi mtaa wa Olympic, karibu nawe, ataisukuma hii chini ya mlango wako.

Hii habari haiwezi kungoja tupatane kwanza. Timothy amesimama.

Ilikuwa jana, saa kumi, tukitaka kunywa chai. Alitambaa mpaka mezani, akashika vishada kwa mkono mmoja, kisha wa pili. Akatanguliza mguu mmoja kama mzee anayeinuka kanisani. Akasimama. Dede. Magoti yanatetemeka, makalio nje. Tulipiga makofi, Boaz akawa anaruka, "Huyo, huyo, simama mzee," mpaka Nyamai wa chumba cha pili akagonga ukuta akauliza ni timu gani imefunga. Mtoto kusikia makofi akageuka kututazama, akacheka, akaketi kwa kishindo, na kitambaa kikamfuata. Juu yake kulikuwa na kofia ya Boaz tu. Ikamfunika uso wote. Tulicheka mpaka tukatoa machozi.

Chupa ya chai ilikuwa mkononi mwangu, nilikuwa natafuta kifuniko. La sivyo ningenunua nyingine.

Sasa kila akisimama tunampigia makofi, na kila akiyasikia anageuka. Njoo uone, dada. Tusahau maneno.

Lenah


Kianda,
Jumatatu, 10 Machi 2025, saa tatu asubuhi

Lenah,

Leo sina salamu. Boaz amepitisha barua yako sasa hivi. Nimeisoma nimesimama, na ninakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya kabati. Nimemwomba Mumbua wa mlango wa pili akutumie meseji: ondoa kitambaa mezani, nakuja. Angenipa simu nikupigie, lakini nilijaribu kwanza kulisema jambo lenyewe kwa sauti humu ndani peke yangu, na halikutoka. Kwa hiyo naliandika, na barua nitaibeba mwenyewe.

Daisy hakufa kwa nimonia. Daisy aliungua.

Ilikuwa Alhamisi, Septemba 2021, ana miezi tisa. Nilipika uji kwenye jiko, sakafuni, kama kila mtu. Alikuwa anatambaa, kwa hiyo kitu nilichokuwa nikiogopa ni jiko. Niliepua sufuria, nikaiweka katikati ya meza, mbali na ukingo, uji upoe. Jiko nikalitoa nje. Nilifikiri sakafu ndiyo yake na meza ni yetu. Hakuwa amewahi kusimama hata siku moja. Nilikuwa mlangoni na kopo la majivu, nikageuka, nikamwona ameshika vishada, amesimama. Kisha akavuta.

Alikaa hospitalini siku tatu.

Kilikuwa kitambaa chako. Kile cha maua ya njano.

Mama ndiye aliyesema usiambiwe. Alisema, "Yuko peke yake jikoni mwa watu. Ukimwambia, nani atamshika?" Tukasema nimonia. Uliporudi tulikuwa tumeisema mara nyingi hata majirani waliiamini, na kila siku niliyotaka kukuambia niliona si siku yake. Ulikuwa umeanza kushona vya kuuza. Ulikuwa unacheka tena. Mwaka jana nilikuja mpaka stejini kwako. Nilikuona nje ya saluni, tumbo kubwa, vitambaa vimetundikwa kwenye kamba nyuma yako. Nikanunua karanga nikarudi Kianda. Ndiyo sababu sijamwona mtoto. Si chuki.

Si kosa lako. Naandika tena: si kosa lako.

Naweka kalamu chini nivae viatu.

Phanice


Kawangware 56,
Jumapili, 30 Machi 2025

Dada Phanice,

Mama ni mzima. Boaz ni mzima. Timothy ni mzima. Neno hilo siku hizi naliandika polepole.

Imenichukua wiki tatu kushika kalamu. Siku ile meseji ya Mumbua ilipoingia nilicheka, nikamwonyesha mwenye saluni. Nikamwambia, "Ona, vita vya vitambaa sasa vimehamia kwa simu." Timothy alikuwa ameketi miguuni pangu. Halafu nikakuona unavuka barabara na zile ndara zako za kufulia, vumbi mpaka magotini. Hukunisalimu. Uliniwekea barua mapajani, ukanyoosha mkono ukasema, "Ufunguo," nami nikakupa bila kujua kwa nini. Pale "aliungua" nilipasoma mara kumi, nikaisoma barua mpaka mwisho, ndipo nikamnyanyua mtoto nikakimbia. Mwenye saluni akaniita, sikugeuka.

Nyumbani hukuwapo. Ulikuwa umeondoa vyote. Cha meza, cha kochi, cha redio, hata kile kidogo cha juu ya mtungi wa maji. Umevikunja vizuri, ncha kwa ncha, ukavipanga juu ya kitanda. Chupa ya chai umeisukuma nyuma kabisa ya kabati. Ufunguo uko mlangoni.

Tangu siku hiyo nikishika kroshia vidole vinakataa. Gichuru anayeniletea uzi amekuja mara mbili, nimemwambia naumwa. Dada, vile vishada nilivipima kwa kiganja. Nakumbuka nikisema niviongeze kidogo, vitapendeza. Nilimpigia mama. Alilia, akasema, "Nilidhani nitazikwa nalo."

Jana Trizah alirudi sokoni. Akatoa ndani ya gunia lake barua yako ya Februari, imelowa, imeshikana na jani la sukuma. "Ondoa kitambaa mezani. Si kwa sababu ya vumbi." Niliisoma nikaketi chini pale pale katikati ya nyanya za watu. Uliiandika siku kumi na tatu kabla Timothy hajasimama.

Kuhusu nimonia sina hasira. Lakini ile barua ya tarehe kumi nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo, na kuna mahali panakatika. Unasema uligeuka ukamwona amesimama. Kisha akavuta. Chumba chako ni hatua tatu. Kati ya kusimama na kuvuta kuna kitu hukuandika. Kwa nini hukumshika?

Sikulaumu. Nauliza kwa sababu Timothy bado anasimama. Siku hizi anashika stuli. Akishasimama ananigeukia, anangoja makofi, na mimi naganda. Boaz pia ameacha kupiga. Mtoto anatutazama mmoja mmoja, halafu anaketi chini.

Lenah


Kianda,
Jumatano, 2 Aprili 2025

Mdogo wangu Lenah,

Boaz ameniletea barua yako, na Trizah ameomba radhi kwa ile iliyolowa. Nimemwambia hakuna aliyejua. Shivachi anakusalimu. Hili nitakaloandika nimemwambia yeye kwanza, leo asubuhi alipotoka kazini, kwa sababu hata yeye alikuwa hajui. Alivua kofia akaketi kitandani nayo mkononi. Mpaka sasa hajaenda kulala.

Nilikuwa napiga makofi.

Hapo ndipo panapokatika. Nilimwona mtoto wangu amesimama kwa mara ya kwanza, na nikasahau meza, nikasahau uji. Niliangusha kopo la majivu, nikapiga makofi, nikasema, "Dede, Daisy, dede." Akageuka kunitazama. Alikuwa anacheka, yale meno mawili ya chini. Ili ageuke aliachilia mkono mmoja, na uzito wote ukabaki kwenye mkono uliokuwa umeshika kishada. Hakuwa anavuta kitambaa, Lenah. Alikuwa anaifuata sauti yangu.

Hospitalini waliniuliza nilikuwa wapi, nikasema mlangoni. Mama aliniuliza, nikasema mlangoni. Hakuna aliyeuliza mikono yangu ilikuwa ikifanya nini. Wewe ndiye wa kwanza.

Kwa hiyo usipime tena vile vishada. Mimi nimeyahesabu yale makofi kwa miaka mitatu na nusu; siku nyingine ni manne, siku nyingine ni matano, na hayapungui. Wewe ulishona kitu kizuri, na mimi nilifurahi. Hakuna aliyekuwa akifanya jambo baya mle ndani.

Kitambaa chenyewe ninacho. Mama alitaka kukichoma, nikakataa, nikakifua. Kina kishada kimoja kilichokatika. Kiko kwenye sanduku, chini ya kile kipya ulichonitumia.

Siku ile nilipokuja kwako, wakati unafungua barua, Timothy alinishika sketi. Huenda hukuona. Alikuwa anataka kujivuta juu. Niliutoa mkono wake kidole kimoja kimoja, kwa sababu nilijua nikiinama sitainuka. Vidole vyake vilikuwa na unga wa biskuti.

Usiache kazi. Gichuru akija mwambie alete uzi. Shona vya kuishia ukingoni mwa meza, visivyoning'inia, na anayenunua akiwa na mtoto mwambie kwa nini. Wengine watakucheka kama Boaz alivyocheka. Waambie tu. Ukitaka, waambie ilikuwa kwa dada yako.

Jumapili baada ya kanisa nakuja. Usinipikie. Usiweke kitu juu ya meza, hata kofia. Na Timothy akisimama usimnyime makofi yake. Anayangoja, na hajakosea lolote. Mimi bado siwezi kuyapiga. Wewe kaa mlangoni uyapige, umwite. Mimi nitakuwa nimepiga magoti nyuma yake, mikono wazi, mahali ambapo sikuwa.

Dada yako,
Mama Daisy